Harufu ya Saa ya Kwanza

Cheka ukitaka, lakini haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mwenyewe, huku mjini Baraka, kando ya ziwa, na mume wangu yumo ndani ukitaka kumuuliza.

Mimi nauza ndagala sokoni. Ukishinda na vile visamaki vikavu, hata shuka lako linanuka. Ndiyo maana dada yangu aliniletea kutoka Uvira chupa ya manukato ya kijani, ya wanaume na wanawake. Ngoja niyaeleze, maana bila hilo hutanielewa. Saa ya kwanza yananukia makali, kama jani la nyanya ulilolifikicha vidoleni. Halafu yanapoa, yanakuwa mchaichai. Jioni inabaki harufu ya mti mkavu tu. Ile ya kwanza haidumu, niamini, saa moja imekwisha.

Mume wangu, ambaye hunibebea magunia, aliyakataa.

"Mi mwanaume nipakale malashi ya bamama?"

"Iko ya bote, baba. Ao unapenda kunuka ndagala mupaka mbinguni?"

Akacheka, akajipaka. Tangu hapo tukawa tunagombea chupa.

Siku moja alikwenda Lweba kwa mtumbwi kumpelekea mama yake unga. Wakati wa kurudi upepo ukavuma. Wavuvi wakaukuta mtumbwi umepinduka, yeye hayumo. Walimtafuta kutwa nzima. Kesho yake asubuhi majirani walianza kutandika mikeka nyumbani kwangu. "Ikala, mama, ulie," wakaniambia, wakinionyesha mkeka wa kukalia. Nilikasirika! Nimlilie nani, na maiti sijaiona? Nikatoka peke yangu, nikaufuata ufuko.

Nilikuwa nimekwenda mbali iliponijia: jani la nyanya. Bichi kabisa, ile ya saa ya kwanza. Nani angejipaka manukato pale, kwenye mchanga na matete? Nikageuka. Kuna mtu, amejifunika kitenge mpaka kichwani. Mwanaume? Mwanamke? Nilimtazama usoni, na hadi leo siwezi kukuambia. Akanishika mkono wa kushoto, akanivuta. Wake ulikuwa baridi kama maji ya mtungi.

"Kuya, mama. Jua itamumaliza."

Nikamfuata. Akaniingiza kwenye matete, na pale, Mungu wangu, mume wangu! Mguu umevunjika, midomo imepasuka, lakini anapumua. Nililia kwa furaha, nikapiga mayowe mpaka watu wa mashambani wakaja kumbeba.

Sasa anachechemea, na kila siku analalamika mboga haina chumvi. Namshukuru Mungu kwa kila lalamiko. Chupa iliisha zamani. Lakini mkono wangu wa kushoto, niusugue kwa sabuni nisiusugue, kila asubuhi unanukia jani la nyanya, na haugeuki kuwa mchaichai. Wateja wananitania: "Mama, ndagala yako inanuka bustani!"

Basi nisikilize. Usikubali kukalishwa kwenye mkeka wa kilio kabla hujamwona mtu wako. Na akikujia wa namna ile, usipoteze muda ukijiuliza ni mwanaume au ni mwanamke. Sema asante papo hapo. Mimi nilipoinua kichwa kumshukuru, palikuwa na matete tu.