Mbinya, Mchoraji Aliyeombwa Yordani

Saa mbili asubuhi, Mbinya Kilonzo amepiga magoti uani kwake Migwani, kando ya kitambaa cha amerikani chenye urefu wa mlango. Anachovya uzi wa mkonge katika rangi nyekundu, anauvuta hadi unakaza, kisha anauachilia. Mstari unabaki kitambaani, umenyooka, umezungukwa na vitone.

"Huu mstari ndio mfupa," anasema bila kuinua macho. "Rangi ni nyama. Nikianza na nyama, picha inalala."

Katika picha zake hakuna twiga wala mwanamke aliyebeba mtungi. Kuna mistari na rangi tu: rangi ya mafuta ya kupaka nyumba, na udongo mwekundu wa Kitui anaouchekecha kwa chujio la chai na kuukoroga kwa gundi ya seremala.

Mama huyu wa miaka 46 hakusomea sanaa. Mumewe, Kilonzo, alikuwa akiandika mabango ya maduka. Alipofariki mwaka 1979, alimwachia watoto watatu, akiwemo binti yao Muthoki, na brashi sita. Mbinya alizishika brashi hizo, akaanza kuandika "Hoteli" na "Kinyozi" kwa shilingi 60 bango moja.

"Herufi zilinichosha haraka. Mimi nilipenda ile nafasi katikati ya herufi. Wenye maduka walikuwa wananiambia, 'Mama Muthoki, umeweka rangi mingi, jina haionekani.'"

Mwaka 1986, wazee wa kanisa lake walimwomba achore mto Yordani nyuma ya mimbari. Aliwaambia atauchora anavyouona yeye. Alifanya kazi wiki mbili nyuma ya pazia. Jumapili pazia lilipoondolewa, waumini waliona ukuta mzima wa nyekundu na kahawia, na mstari mmoja mwembamba wa buluu ukishuka kutoka juu hadi chini.

Mzee wa kanisa, Muthama, alisimama. "Mama Muthoki, Yordani iko wapi? Na Yesu ako wapi?"

Watu walicheka. Wazee wakaamua ukuta upakwe chokaa Jumamosi. Kabla siku hiyo haijafika, wenye maduka wawili walikuwa tayari wamempa mtu mwingine kazi za Mbinya.

"Nilifikiria kuuza brashi," anasema.

Jumamosi Muthama alifika na ndoo ya chokaa. Alimkuta Syokau, mjane aliyepoteza ng'ombe wake wote katika ukame wa 1984, ameketi peke yake mbele ya ukuta.

"Mimi sijui kusoma," Syokau alimwambia. "Biblia mnasoma, mimi nasikia tu. Lakini hii naijua. Ni ile mwaka tulitembea tukitafuta maji, na hayo ndiyo maji. Ulikuwa hapo, Muthama. Umesahau?"

Muthama anakumbuka alivyoweka ndoo chini na kuketi. "Tulikaa karibu saa nzima. Halafu nikabeba ile chokaa nikaenda kupaka choo cha kanisa."

Ukuta ungalipo. Mbinya anasema hakuwa amechora ukame. "Nilikuwa natafuta buluu ya kusimama peke yake ndani ya nyekundu. Lakini Syokau aliona yake. Siku hiyo nilijua mimi ni mchoraji."

Mgeni mmoja aliyeuona ukuta huo ndiye aliyemfungulia njia ya Nairobi. Mwaka jana, 1991, picha zake kumi na moja zilitundikwa huko katika maonyesho. Kumi zilinunuliwa kwa siku tatu, hakuna iliyouzwa chini ya shilingi 4,000. Ya kumi na moja alikataa kuiuza. Iko sebuleni kwa Syokau. Mbinya amejenga nyumba ya mawe, na bintiye Muthoki yuko chuo cha ualimu.

Januari anakwenda Kyuso, ambako shule moja imempa ukuta wa mita arobaini. Walimu wameshamwandikia barua mbili wakitaka kujua atachora nini.

"Nimewaambia sijui," anasema, akifuta vidole kwa tambara. "Wanipe siku moja nikae hapo nione jua linapiga wapi. Halafu wanipe ngazi ndefu."