Basi Halirudi Nyuma

Hadithi hii hamtaiamini, na wala sitawabembeleza. Mke wangu mwenyewe haiamini, na ndiye aliyezifua zile jezi.

Petrache Bratosin amekuwa kocha wa timu yetu ya mpira, Plugul, yaani Plau, kwa miaka kumi na tisa, tangu timu ilipokuwa mali ya kiwanda cha matrekta. Kiwanda kikafa, timu ikabaki yatima, mwaka huu ikanunuliwa na tajiri wa Bukaresti anayeuza madirisha. Tajiri hakuja. Alimtuma mkurugenzi, Horia Pintea, kijana wa miaka thelathini na moja, viatu vyeupe, tableti kwapani. Siku ya tatu tu akamwambia Petrache mbele ya wachezaji, "Mzee, tusizungukane. Jumamosi usiposhinda kule Pietris, Jumatatu unakabidhi filimbi. Barua ninayo tayari."

"Iweke mahali pakavu," Petrache akamjibu, akaendelea kutafuna mbegu zake za alizeti.

Jumamosi Horia akakaa mbele ya basi, akimwelekeza dereva kwa ramani ya tableti. Gavrila, dereva, njia ya Pietris anaiendesha hata akisinzia, lakini bosi ni bosi. Kushoto, kulia, kushoto tena, mpaka basi likajichomeka kati ya kuta mbili za mawe na kusimama pua kwa pua na zizi la nguruwe. Pa kugeuzia hapana. Gavrila akapeleka mkono kwenye gia ya kurudi nyuma, akakuta mkono wa Petrache umeshafika.

Sasa, kwetu basi la timu halirudi nyuma siku ya mechi. Likirudi, mmeshafungwa. Hata kasisi analijua hilo.

"Mzee, toa mkono," Horia akasema.

"Sitoi."

"Hizi ni imani za bibi yako!"

"Bibi yangu hakuwahi kushuka daraja."

"Haya, shukeni, Gavrila alirudishe likiwa tupu, halafu mpande tena."

"Likirudi limerudi. Unadhani mkosi ni kipofu? Lazar!" Huyo ndiye nahodha. "Beba mipira. Tunatembea."

"Kilomita nne, kwenye tope hili? Nakufukuza sasa hivi!"

"Nifukuze Jumatatu, mwanangu, kama ulivyoahidi. Leo nina mechi."

Lazar akamtazama mkurugenzi, akamtazama kocha, akautupa mfuko wa mipira begani. Wengine wote wakamfuata, wakaruka ukuta, wakakata shamba la mahindi. Petrache alitangulia. Goti lake bovu lilimuuma kila hatua, na moyoni, maana aliniambia mwenyewe, alijua wakifungwa leo hatapewa hata kazi ya kuchana tiketi getini. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Horia alikuja mkiani, viatu vyeupe vimekuwa vya kahawia, akitukana kwa sauti ya chini kama mtu anayesali.

Walifika zimebaki dakika kumi mechi ianze, tope mpaka kwenye nyusi. Uwanja mzima wa Pietris ukaangua kicheko.

"Oyaa, Plau! Mmekuja kulima?"

"Ndiyo!" Petrache akawapigia kelele. "Na tunaanzia golini kwenu!"

Filimbi ya mwisho ilipolia, Horia akaja taratibu hadi kwenye benchi. Akaitoa ile barua, imelowa chapachapa, akaichana vipande viwili.

"Jumatatu mazoezi ni saa ngapi, kocha?"

"Saa tatu. Uje na viatu vya maana."

Angefanya nini kingine, jamani? Plugul walishinda saba bila! Na la saba Lazar alilipiga kutoka katikati ya uwanja, kipa akapiga magoti akalia, mpira ukapasua wavu, ukavuka uzio, ukaenda kumvua kofia mkuu wa poli—

"We Titi, acha uongo!" Petrache kainama begani kwangu, anasoma ninachoandika. "Lilikuwa moja. Na walijifunga wenyewe!"