Bundi wa Mama Mkwe

Jamani, leo nimemchorea mama mkwe bundi!

Wala si kwa ubaya. Amekuja kututembelea hapa Gaithersburg, nami najifunza maandishi ya picha ya Misri ya kale. Nikamwandikia jina lake, Mwanaidi, nikamkabidhi mbele ya mume wangu.

"Bundi? Unanitakia kifo, mwanangu?"

Nikamweleza kwamba kwa Wamisri wale bundi ni M tu. Akazidi kununa.

"Na duara hili nililochora kuzunguka jina lako, mama, lilizungushwa kwenye majina ya wafalme na malkia peke yao."

Akatabasamu. Akabandika karatasi kwenye friji, akaketi.

Sasa wageni wanakuja kula pilau lake, na kila nikimwita jikoni ananijibu: "Umeona wapi malkia akimenya vitunguu?"

Chekeni tu. Piza iko njiani.

Malkia ameagiza ya kuku.