Sindano ya Hija na Saumu za Mama

Mama yangu hajawahi kukataa jambo waziwazi. Hukubali, halafu halifanyiki. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo aliikubali siku ile ile tuliyomlipia safari ya hija. "Ntakwenda, mwanangu," alisema, na mimi mjinga nikamwamini.

Kiongozi wa kikundi chao alikuwa ameshatueleza: asiyechanjwa hapati viza, na sindano yenyewe lazima ichomwe siku kumi kabla ya kuondoka. Basi kila nilipopata ruhusa kazini nilikwenda Bububu asubuhi kumchukua. Nilimkuta kavaa buibui, kakaa barazani, midomo imemkauka.

"Leo nimefunga," ananiambia, kana kwamba ni habari njema.

Alikuwa analipa saumu za zamani. Hakutaka kwenda kusimama Arafa na deni la Mungu shingoni. Sawa, lakini miaka yote alikuwa wapi? Na kwa nini siku ya sindano ndiyo iwe siku ya kufunga? Nilimwambia sindano ya mkononi haivunji saumu, si chakula wala si maji. Akaniuliza nimesomea chuo gani. Nikamwendea sheikh wa mtaani kwao, naye akaja kumwambia maneno yale yale niliyoyasema mimi. Mama akaitikia kwa adabu, "Ahsante sheikh, umenitoa ujingani." Nilitamani kulia.

Hivyo ndivyo tulivyosogea mpaka siku ya mwisho. Ikipita hiyo, hija imempita, na kikundi kitaondoka bila yeye. Nikamleta mjini. Malindi magari yamebanana, watu wanakimbilia boti ya Dar, mimi nalalamika peke yangu na yeye anavuta tasbihi yake kama hayupo. Kituo cha chanjo tukapanga foleni nyuma ya vijana wanaokwenda kutafuta kazi Omani. Zamu yetu ikafika.

"Shikamoo, bibi," alisema nesi. "Umekula?"

"Marahaba, mwanangu. Nimefunga."

Nesi akairudisha sindano kwenye sinia. Kwao mtu mzima mwenye njaa hachomwi, alisema, maana huwa wanaanguka. Akale kwanza, arudi kabla hawajafunga dirisha.

Nilimtoa mama ukumbini nikiwa sijiwezi kwa hasira. Nje nikanunua maandazi na maji, nikamwekea mapajani.

"Mama, kula. Hii utailipa siku nyengine. Kwani Mungu atakimbia?"

"Mungu hakimbii. Mie ndo nnaekimbia. Umri wa kukopa tena nnao?"

"Na hija ikikupita? Saumu zenyewe za lini hizo, hata huzikumbuki."

"Nnazikumbuka," alisema. Akayasogeza maandazi pembeni taratibu, asiyamwage. "Zako hizi. Ramadhani ile nna mimba yako sikufunga hata moja, kila nlichokila kilirudi. Wenzako wote nshawalipa zamani. Wewe ulizaliwa mgonjwa, kila nkitaka kufunga nnaona maziwa yatakauka. Baadaye baba yako akatangulia, nkawa nnahangaika na nyinyi, ikawa leo kesho. Wewe tu ndo uliyebaki."

Hasira ilikuwapo bado, ila ilikuwa haina tena pa kwenda. Dirishani nesi alikuwa anaanza kukusanya vitu vyake. Nikamshika mama mkono tukarudi ndani.

"Mchome hivyo hivyo, mdogo wangu," nilimwambia nesi. "Mlaze, umchome."

"Akizimia je, dada?"

"Ataniangukia mimi."

Alitutazama, mmoja baada ya mwengine. Kisha akavuta benchi refu la ukumbini na kulifuta kwa kitambaa. Mama akajilaza, kichwa akakiweka mapajani pangu, akakunja mkono wa buibui na kusema bismillahi. Sindano ikaingia. Nesi akatuambia tusinyanyuke mpaka atakaporudi, akaenda kumwandikia kadi.

"Mama," nilimwita. "Zimebaki ngapi?"

"Leo ikiadhiniwa magharibi," alisema, macho kayafumba, "hudaiwi tena."