Kumpiga Bibi Harusi Aising

Utotoni mwangu siku haikuanza kwa jogoo, ilianza kwa kipigo. Mjomba Rajabu, mdogo wake mama, alikuwa mvunja barafu wa soko la samaki hapa Bagamoyo, na kila alfajiri baada ya swala lori liliteremsha mapande uani kwetu, yamezungushiwa magunia na maranda ya mbao, marefu kama maiti za watoto. Aliyavunja kwa mchi wa mti mgumu uliokuwa mzito kuliko mimi. Pigo la kwanza lililia kama mfupa, la pili kama kioo, na baada ya hapo ni fujo tupu, vipande vinaruka ukutani, mlangoni, kwenye sufuria za Bibi, na kimoja kiliwahi kupita dirishani kikanipasua nyusi nikiwa bado nimelala. Wachuuzi waliokuja na matenga yao kutoka Dar walikuwa wakimpigia kelele, "Rajabu, piga aising hao jodari, jua linatoka!" Naye anamwaga barafu juu ya samaki, chini ya samaki, mpaka macho yao yanabaki yanakodoa kutoka kwenye weupe ule. Kwa hiyo neno aising lilinijia mara ya kwanza likinuka shombo.

Mara ya pili lilinijia likinuka baruti. Mimi tangu zamani ni mtu wa ndani. Mama alikuwa akisema mtoto huyu hata akitumwa chumvi jirani anaaga kama anakwenda Hija. Bahati yangu, nyuma ya ukuta wetu palikuwa na kibanda cha video, kwa hiyo dunia ilinifuata chumbani bila mimi kuhangaika. Filamu zilikuwa za Kiingereza, na palikuwa na kijana mwenye kipaza sauti aliyezitafsiri kwa Kiswahili, akiongeza na ya kwake. Risasi zikilia, watu wakianguka, unamsikia, "Hapo jamaa anasema, nitamwaisi huyu! Yaani namtia kwenye barafu, wazee, namfanya wa mochwari!" Ukumbi mzima unashangilia. Mjomba Rajabu alikuwa mteja wa kila jioni, anakaa mbele, anarudi nyumbani akiwa amekunja ngumi. Sasa mfikirie mtu huyo. Asubuhi anawapiga aising samaki, jioni anatazama watu wakipigwa aising. Kwake yeye, kila kilichopigwa aising kilikuwa kimekwisha kufa, au kiko njiani.

Hiyo ndiyo hali tuliyokuwa nayo ulipoingia mwezi wa Shaabani, mwezi wa harusi, na ya kwetu ilikuwa ya mama mdogo Zaituni, dada yake Rajabu. Alikuwa anaolewa na Omari wa Kaole. Alikwisha kutiwa ndani, kungwi yuko naye, haruhusiwi kuona jua wala jua kumwona, na mimi kwa kuwa hata nisipofungiwa sitoki, nilipewa kazi ya kusaga liwa. Nilikaa chini ya dirisha nikisugua kijiti cha msandali juu ya jiwe lenye maji ya waridi, na kungwi akampaka Zaituni uso, shingo na mikono, tabaka juu ya tabaka, mpaka akawa mweupe kama ukuta wa msikiti. Chumba kilinukia hata kichwa kikauma.

Zaituni alikuwa ameshikilia jambo moja tu kwenye harusi ile, keki. Nyumbani keki tuliijua, ile ya kuoka kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko, kavu, ya rangi ya udongo, unaila na chai la sivyo inakukaba. Yeye hakuitaka hiyo. Alikuwa ameona huko Dar keki ya ghorofa, imevikwa nguo nyeupe ya sukari. Akamtafuta mwenyewe fundi wake, kijana mmoja wa Fukayosi aitwaye Sefu, aliyejifunza kazi Dar na kupanga chumba nyumba ya pili kutoka kwetu. Mwanamume mwokaji keki! Mjomba Rajabu alikuwa hajamkubali tangu siku ya kwanza. "Dume zima linapepeta unga," alisema. "Huyo ana lake jambo."

Basi asubuhi, siku moja kabla ya harusi, Sefu alisimama uchochoroni, nyuma ya ua wetu, akipiga simu. Simu za siku zile ilibidi uzipigie kelele kama unamwita mtu wa ng'ambo. Mimi na liwa yangu dirishani nilisikia kila neno, na Mjomba uani na mchi wake alisikia kila neno. Mafundi, kama mjuavyo, wanaiita kazi kwa jina la mwenye kazi. Fundi cherehani atakwambia nimekwisha mkata Mwajuma, bado kumshona, na Mwajuma mwenyewe yuko kwake anakula. Sefu naye alikuwa fundi.

"Bibi harusi wa hapa nampiga aising leo leo," alisema. "Mwenyewe anadhani ni kesho. Eeh. Kisu ninacho, kile kipana. Namwanzia juu, nashuka naye taratibu mpaka chini. Nikimaliza hata mama yake hatamjua!" Akacheka.

Mimi nilidhani bibi harusi ni jina la samaki. Mjomba hakudhani hivyo. Nilisikia mchi umenyamaza, na ukimya wa mchi ule ulinitisha kuliko kelele zake zote. Halafu mlango wa uani ukapigwa teke.

Walimtoa Sefu uchochoroni kwa ukosi wa shati. Nasema walimtoa kwa sababu Rajabu hakuwa peke yake hata kwa dakika moja, wapakiaji wa samaki walikuwapo, na waliokuwa wakisubiri video nao wakaja mbio, wengine hawajui lolote, wamebeba magongo tu. Ngumi ya kwanza ilimpasua mdomo. Ya pili ikampeleka chini. Aliinuliwa ili aangushwe tena. Na kati ya kipigo na kipigo waliuliza, na masikini yule, mtu mkweli, akawajibu.

"Rudia ulichosema!" Mjomba alinguruma.

"Nimesema nampiga aising! Si ndiyo kazi yangu?"

"Mmesikia? Ndiyo kazi yake!" Teke la mbavu. "Umeshawapiga wangapi?"

"Wengi tu, kaka! Dar, Kibaha, kote huko, uliza!"

Sijapata kuona ukweli ukimponza mtu kwa kasi ile. Kila jibu lilikuwa sahihi na kila jibu lilimletea gongo jipya. Alipolia kwamba ni Zaituni mwenyewe aliyemtuma, Rajabu alipagawa kabisa. Akamburuta mpaka uani kwetu, akamlaza mkono wa kulia juu ya pande la barafu, mkono wa kazi, akainua mchi. Nililiona pigo lile kutoka dirishani na nikalisikia. Nilikwisha kuwaambia kwamba barafu hulia kama mfupa. Siku hiyo vililia vyote viwili kwa pamoja, na barafu ikawa nyekundu. Sefu alitoa sauti ambayo sikuijua kuwa mtu mzima anayo. Mkoba wa kazi aliokuwa nao begani ukapasuka, unga mweupe ukamwagika mchangani, na mtu akapiga yowe, "Sumu! Ana sumu!" Nyuma yake sauti nyingine, changa, yenye furaha, ikaanza kuita, "Tairi! Leteni tairi!" Na kweli nikaliona likiviringishwa kutoka barabarani, na nyuma yake kijana ameshika chupa ya petroli, anatembea kwa uangalifu isimwagike.

Kungwi alikuwa amekwisha kuingia uvunguni. Mimi nilikuwa nyuma yake, nasukuma anipishe. Zaituni ndiye aliyesimama. Hakuvaa kitu cha maana, kanga moja kifuani, nywele mafundo, liwa kuanzia unyayo mpaka utosini, imeanza kukauka na kupasuka. Alifungua mlango ambao hakutakiwa kuugusa mpaka kesho yake, akapita uani mbio. Mwenye petroli alimwona kwanza. "Jini!" alisema, akaacha chupa, na wenzake watatu wakatoka naye. Waliobaki walirudi nyuma, isipokuwa Rajabu, aliyekuwa amempa mgongo na mchi wake uko hewani tena, safari hii ukilenga kichwa. Zaituni alijitupa juu ya Sefu. Mchi ukashuka begani kwake.

Sikusikia mlio wowote. Nilimwona tu anainua uso, liwa imechanika kwa machozi, anamtazama kaka yake.

"Aising ni sukari, we Rajabu," alisema. "Sukari ya keki yangu. Mijinga nyie, sukari!"

Hakuna aliyemwamini. Akajiburuta kwa magoti mpaka kwenye ule unga, akachota pamoja na mchanga wake, akautia mdomoni, akameza. Uwanja mzima ukamtazama koo. Akachota tena, akamnyooshea kaka yake kiganja. Rajabu aliweka mchi chini. Alilamba ncha ya kidole kama mtoto aliyeambiwa hiyo ni dawa.

"Tamu," alisema.

Nadhani ndilo neno la kutisha kuliko yote niliyosikia siku hiyo. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, wakitazama miguu yao. Bibi, mama yao wote wawili, alitoka jikoni na mwiko wa ugali akampiga Rajabu nao kichwani, usoni, mgongoni, mpaka ukavunjika, akaenda kuchukua mwingine. Rajabu hakujikinga. Alikuwa amechuchumaa, anakusanya barafu safi kwenye kanga, anaifunga kwenye mkono alioupondaponda mwenyewe. Wakampakia Sefu kwenye gari la samaki kwenda hospitali. Vidole vitatu vilipona vikiwa vimepinda.

Nilimaliza kidato cha nne na alama ya Kiingereza ambayo mama hakuitaja kwa majirani, kwa hiyo msinitegemee kwa lugha. Lakini juzi binti yangu alinisomea kwenye simu neno hili limetoka wapi, nikamwambia asome tena. Kumbe lilianzia kwenye barafu kweli. Wazungu, ambao asubuhi hukuta mapaa yao yana barafu, waliona sukari imekauka juu ya keki inang'aa, wakaona inafanana, wakaiita hivyo. Hata kuweka barafu penye uvimbe, kama Rajabu alivyofanya, huitwa hivyo hivyo. Ndege ikigandwa na barafu mabawani ikaanguka, ni aising. Wana hata mchezo wa kuteleza juu ya barafu wakipiga kisahani kwa fimbo, na mtu akikipiga kwa nguvu mpaka ng'ambo ya pili bila kulenga, refa anapuliza filimbi, hiyo nayo ni aising, na ni kosa. Wenzetu wana refa.

Harusi haikuwa. Jioni ile ile mashangazi wa Omari walikuja kutoka Kaole na maneno yao, kwamba mwali ametoka nje na kanga moja akamlalia mwanamume barabarani. "Uani," Bibi aliwasahihisha. Wakatukanana, wakashikana mabuibui, kikombe kikarushwa, na shangazi mmoja akaondoka na pua inayovuja damu. Siku ya pili Omari mwenyewe akatuma ujumbe kwamba bado anamtaka, ila Zaituni aape kwa msahafu kwamba hana lolote na yule fundi. Zaituni, mkono umefungwa shingoni, akasema msahafu haukuteremshwa kwa ajili ya upuuzi wa Omari. Yakaishia hapo. Keki ilibaki uchi, tukaila na chai wiki nzima. Rajabu, kwa amri ya Bibi, alikwenda Fukayosi kulima shamba la mihogo la Sefu mpaka mavuno, na nasikia msimu mzima hawakuamkiana. Sefu hakurudi kwenye keki. Zaituni aliolewa baada ya miaka mingi na mjane mmoja wa Kiwangwa mwenye mananasi. Bega lake la kushoto bado haliinui ndoo.

Siku hizi Bagamoyo hii kuna keki kila kona, zimepigwa aising nene kama lipu, za buluu, za dhahabu, mtoto hajui kunawa uso lakini aising anaijua. Hakuna tena atakayepigwa kwa neno hilo. Wanapigwa kwa maneno mengine. Mwezi uliopita, Zaituni akiwa amekuja kunisalimia, kelele zililipuka mtaani, kijana wa watu amezungukwa, magongo juu, nani kasema kaiba, nani kasema kateka mtoto, kila mtu ana neno lake. Mimi nilianza kutafuta kandambili yangu ya kushoto, na sikuitafuta kwa bidii. Nilipochungulia dirishani, Zaituni alikuwa amekwisha kufika katikati yao, mwanamke wa makamo, mnene, bega limelala upande mmoja. Hakumlalia mtu. Alisimama tu mbele ya kijana akawatazama wale wenye magongo, jirani zangu, watoto tuliowafahamu kabla hawajaota meno, mpaka wa kwanza akaona haya.

"Shikamoo, mama," alisema, na gongo likashuka, maana hakuna anayeweza kuamkia akiwa amelinyanyua.

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

Wa pili naye akaamkia. Wa tatu. Zaituni aliwaitikia mmoja mmoja, akiuliza hali ya nyumbani kwa kila mmoja, mgonjwa, mjamzito, mpaka mbuzi, bila haraka yoyote, na nyuma ya mgongo wake yule kijana akaanza kutembea, akafika kwenye kona, akapotea. Mimi nikatokea nina kandambili zote mbili miguuni, nikaambiwa hakuna kilichotokea.