Samaki wa Kumtoa Mwali

Nimevua Wami, nimevua Ruvu, nimevua Kilombero wakati maji yamefurika mpaka mtu hajui mto unaishia wapi na shamba linaanzia wapi. Kila nilikofika, wenyeji walinionyesha kwanza mahali pazuri pa kutega. Mimi niliwauliza mwezi umefikia wapi na mvua ya mwisho ilinyesha lini. Walinicheka, kisha wakanijibu, na mara nyingi nilirudi na kitoweo. Sasa nina miaka arobaini na kitu, miguu yangu bado haijakubali kutulia, na katika safari zangu zote za kuvua ipo moja ninayoisimulia kifua mbele. Niliifanya nyumbani, katika mto wetu unaoteremka Uluguru upande wa mashariki kwenda kuingia Ruvu, mchana, zamani za utawala wa Mjerumani.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Nilikuwa nimesoma shule ya serikali pwani mpaka madarasa ya juu, nikaandika hesabu za mizigo katika kazi ya reli Morogoro na Kilosa, kisha nikachoka na meza na kuanza kuzunguka. Niliporudi nyumbani nilikuta mjomba wetu mkubwa amefariki. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwa hiyo mimi, ambaye nilikuwa sijakaa kijijini hata msimu mmoja kamili, nikawa mjomba wa kumtoa nje binti wa dada yangu.

Binti huyo alikuwa mwali. Nilipoondoka kwenda Kilosa alikuwa amekwisha kuwekwa ndani. Niliporudi nikamkuta bado yumo, hajaona jua ila kwa upenyo wa ukuta. Kila siku ya kumtoa ilipopangwa, watu wa upande wa baba yake waliitwa kutengeneza barabara ya serikali, na bila wao mwali hatoki. Na wakija, katika ukoo wetu, hawawezi kulishwa kitoweo chochote tu. Lazima wapewe samaki wa maji ya ukoo wa mama, waliovuliwa kwa mkono wa mjomba, wafike mlangoni wabichi, bado wanapiga mkia. Kuku hakubaliki. Samaki wa kubanikwa hakubaliki.

Kuipanga siku hiyo kulinitaabisha kuliko hesabu zote za mizigo. Kiangazi kilikuwa kinaelekea mwisho. Maji yalikuwa machache na maangavu, na samaki wamejikusanya katika vidimbwi vya chini ya mawe. Katika maji ya namna hiyo kambale haingii mgononi mchana, wala usiku wa mbalamwezi. Anauona mtego ule wa fito kama wewe unavyouona ua wa jirani. Anataka giza. Mvuvi yeyote wa kwetu angechagua siku za mwisho wa mwezi.

Lakini wageni walihitaji mbalamwezi. Walikaa uwandani, upande wa Ngerengere, na akida wao alikuwa amekubali kuwapa ruhusa ya siku moja tu. Wangeondoka kwao jogoo la kwanza, wale kwetu, warudi usiku huohuo, maana alfajiri kila mwanamume alitakiwa awe barabarani na jembe lake. Asiyeonekana, viboko.

Nikayageuza mambo hayo mawili mpaka nikapata njia. Siku chache baada ya mwezi kupevuka, jua huzama na mwezi unakuwa bado haujachomoza. Katikati hapo kuna kipande cha giza, na kambale hutoka kula wakati huo. Nikitega machweo, nitampata kabla mwanga haujafika mtoni. Na usiku unaofuata, wageni wakiwa wameshiba, mwezi utawamulikia njia mpaka kwao. Nikachagua siku ya kumi na nane ya mwezi, na kutega jioni ya kumi na saba. Nilimweleza dada yangu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mdogo wangu, kumbe huko ulikokuwa ukizurura ulikuwa unasoma." Nililala vizuri usiku ule. Tukatuma habari uwandani: siku ya kumi na nane tangu mwezi uandame.

Asubuhi ya siku ya kumi na saba nilikuwa uani nikifunga kamba kwenye mgono uliolegea. Nikasikia ngoma njiani. Dada yangu akatoka jikoni na unga mikononi.

"Ni nani hao?"

"Wakwe zako."

"Wakwe gani? Leo?"

Walikuwa wao, wamejaa njia nzima, na mbele yao shangazi yake mwali, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya mto. Ukoo wake na wetu ni watani, kwa hiyo alikuwa na haki ya kusema lolote, na hakuwa mtu wa kuiacha haki yake ikae bure.

"Hodi kwa wenye mwali! Mbona mmetutolea macho kama mmeona chui?"

"Karibuni, shemeji," nikasema. "Lakini leo ni kumi na saba."

"Kumi na saba ya wapi? Sisi kwetu ni kumi na nane. Vidole tunavyo."

"Mwezi mliuona lini?"

"Jioni ile ng'ombe wa akida walipotoroka. Mwembamba kama ukucha, pale juu ya mlima wenu."

"Jioni ile sisi hatukuona kitu. Tuliuona kesho yake."

"Mngeuona vipi, mtani, na mmekaa chini ya mlima kama panya chini ya kinu?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikaelewa. Mlima umesimama magharibi yetu. Mwezi mchanga hukaa chini sana upande huo, na kwetu hujificha nyuma ya mgongo wa Uluguru wakati watu wa uwandani wanaushangilia. Sisi huuona siku ya pili yake. Tangu mababu tumehesabu hivyo, wao wamehesabu vyao, na hakuna aliyekosea hesabu. Ila mimi sikuwa na samaki hata mmoja.

"Basi kaeni," dada yangu akasema, "mwali atoke kesho."

Shangazi akaacha kucheka. "Wifi yangu, kesho tuko barabarani. Ruhusa ni ya leo. Mvua zikishuka kila mtu yuko shambani, na baada ya mavuno akida ana barabara nyingine. Kama si leo, ni mwaka mwingine."

Sauti ikatoka ndani, nyuma ya mkeka wa mlangoni. "Mjomba."

"Naam, mwanangu."

"Mwaka mwingine sikai. Nitatoboa ukuta."

Wanawake wakacheka. Dada yangu hakucheka, na mimi nilijua kwamba binti hakuwa anatania. Ndipo shangazi akanigeukia, mkono kiunoni. "Haya, mjomba wa reli. Samaki wako wapi? Au wanakuja na treni?"

Mimi nilikuwa natazama juu mlimani. Kijijini jua lilikuwa linachoma, lakini vilele havikuonekana. Tangu alfajiri wingu jeusi lilikuwa limeketi pale, na sasa lilinguruma mara moja, kwa mbali. Huko juu vuli ilikuwa imeanza bila kutungoja.

Mwaka uliopita nilikuwa nimekaa Dumila, nikivua Wami pamoja na watu wa kule. Niliona jambo ambalo kwetu halifanywi, kwa kuwa kwetu maji machafu yakija watu hukimbia kuokoa migono yao. Wale walikuwa wanaitega. Mvua ya kwanza ikinyesha mbali, maji hufika yamebeba udongo, wadudu na funza wa nchi nzima. Samaki aliyekaa na njaa kiangazi chote huacha kidimbwi na kupanda pembeni kula, na kwa kuwa maji yamechafuka, mchana kwake unakuwa giza. Hilo hudumu muda mfupi. Nyuma yake linakuja furiko lenyewe, na hapo ukiwa bado majini huvui tena, unavuliwa.

"Leteni migono yote," nikasema. "Twende."

Mtoni maji yalikuwa meupe kama yaliyochujwa. Niliingiza mkono, yalikuwa ya baridi kuliko jana. Majani makavu yalianza kupita, moja moja. Dada yangu akaenda moja kwa moja kwenye kidimbwi cha ukoo, nikamwita arudi. Niliitaka migono pembeni, mahali ambapo kijito kikavu kinaingia mtoni na nyasi zinagusa maji, midomo yake ikitazama kule mto unakoteremkia, kwa sababu samaki angekuja akipanda. Kati ya mgono na mgono wanawake wa ukoo walichomeka fito na matawi mpaka ukawa uzio. Maji yenyewe hayakufika hata magotini.

Wageni walikuwa wameshuka kutazama. Wakakaa juu ya mawe kama watu waliokuja kwenye mchezo.

"Mtani, hapo unavua nini? Nyasi?"

"Nyasi, shemeji. Utakula na ugali."

"Usisahau kuzitoa magamba!"

Nilicheka nao, huku nikitupia jicho mlimani. Wingu lile lingeweza kumwaga mvua yake yote upande wa pili wa mlima, na mimi ningebaki nimesimama kwenye maji matupu mbele ya wakwe. Tulingoja. Dada yangu aliangalia jua, akaniangalia mimi.

Kisha nikaona uzi mmoja wa udongo ukipita kati ya mawe, kama moshi. Ukaja wa pili. Maji yakageuka rangi ya maji yaliyooshewa mchele, halafu yakawa mekundu kabisa, na nyasi zikaanza kuinama. Shangazi alikuwa katikati ya dhihaka nyingine. Hakuimaliza, kwa sababu uzio ulitikisika.

Ulitikisika tena, na sasa fito zilikuwa zinagonga. Niliinua mgono wa kwanza, ukanishinda nguvu, nikauinua tena kwa goti. Ndani mlikuwa na kambale weusi wamejipinda kama kamba za mzigo, na juu yao ningu wanaometa. Kelele zilizopigwa pale sijasikia tena. Shangazi akakaza kaniki yake kiunoni na kurukia majini.

"Wewe, rudi!" dada yangu akampigia kelele. "Ni mkono wa mjomba!"

"Mkono wa mjomba uvue, wangu ushike tu! Unataka waende zao?"

Nikaendelea kuinua, wao wakipokea kwenye matenga, wakiteleza, wakiangukiana, hakuna tena nani wa upande wa mama na nani wa upande wa baba. Maji yalikuwa yamefika mapajani niliposikia mlio kutoka juu, mzito, kama mawe yanayosagana. Nikapiga kelele watoke wote. Shangazi alitaka mgono wa mwisho. Nikamshika mkono nikamvuta, akinitukana matusi ya utani mpaka tulipopanda ukingoni. Tulipogeuka, uzio haukuwepo. Mgono ule uliinuka, ukazunguka mara moja, ukaenda zake Ruvu.

Samaki walifika mlangoni wanapiga mikia. Niliwalaza juu ya majani ya mgomba kwa mkono wangu, mmoja mmoja, taratibu, nami siwezi kusema kwamba taratibu ile ilikuwa ya lazima. Nilitaka watazamwe. Shangazi akainama akawakagua.

"Ni wadogo," akasema. Kisha akapiga kigelegele ambacho nadhani hata akida alikisikia.

Wageni walikula, wakashiba, na mwali akatolewa nje, amepakwa mafuta, macho ameyafumba kwa mwanga. Desturi ni wanawake kumpeleka mtoni kuoga. Mto sasa ulikuwa mwekundu, unakokota magogo, na hakuna mtu mwenye akili ambaye angeukaribia. Walipokuwa wakibishana kama aogeshwe kwa mtungi, mvua ilishuka kutoka mlimani ikafika kijijini. Wakamwogesha kwa mvua hiyo.

Baadaye alikuja akasimama karibu nami, nguo mpya imemganda mwilini, akautazama mto kutoka juu ya ukingo.

"Mjomba, ulijuaje?"

Nikamweleza. Nilianza na mwezi, nikaja kwenye mlima, nikaingia Dumila na watu wa Wami, nikaeleza baridi ya maji na upande wa kuelekeza midomo ya migono. Nilisema mengi, na sikuona sababu ya kufupisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, uso wake ameuinua na viganja vyake vimefunguka kwenye mvua, na nilipomwambia kwamba sasa aingie ndani asije akapata baridi, alinitazama kama mtu aliyesikia upuuzi, akashuka njia ya mashambani peke yake.