Mama Aliyeuelewa Muhtasari

Mwalimu mkuu alinipa mimi kazi ya kueleza mtaala mpya kwenye kikao cha wazazi kwa sababu ya Kisukuma changu. Nimekulia Kambarage, Shinyanga, na wazazi wengi wa kijiji nilichokuwa nafundisha, jirani na Nkome kando ya Ziwa Victoria, walikuwa hawakielewi vizuri Kiswahili cha ofisini. Nilikuwa nafundisha darasa la pili. Nikashika muhtasari wa masomo, nikaanza: umahiri mkuu, umahiri mahususi, vigezo vya upimaji. Kwenye "umahiri" nikakosa neno la Kisukuma. Mwishowe nikasema ni jambo ambalo mtoto analiweza mwenyewe bila kusaidiwa.

Wazazi wakapiga makofi, kikao kikahamia kwenye ujenzi wa vyoo. Nilipotoka, mama mmoja alikuwa ananisubiri nje. Umri wake kama wa mama yangu, kazi yake kuanika dagaa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inaposhusha samaki. Binti yake wa mwisho alikuwa darasani kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Hayo uliyosoma, mtoto anatakiwa ayaweze yote mwaka huu?"

"Yote."

"Nisomee tena ya kusoma. Polepole."

Yeye mwenyewe hakujua kusoma. Akakunja vidole, akashika mambo manne: kutambua sauti za herufi, kusoma maneno, kusoma habari fupi, kueleza alichosoma. Tangu siku hiyo akawa anakuja kila Ijumaa baada ya vipindi.

"La kwanza ameliweza?"

Nilikuwa na watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja, wengine wanakaa chini. Ningejuaje? Ijumaa ya kwanza nilidanganya, nikasema anaendelea vizuri. Ya pili nikaona aibu, nikamwita binti na kuandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu. Akaghani zote bila kukosea, tena kwa sauti nzuri. Nikagusa "bo" peke yake. Akasema "ba". Nikagusa "bi". "Ba."

Mama yake akasema, "Kumbe anaimba tu."

Nikaanza kubaki na binti yule nusu saa kila alasiri. Baada ya wiki tatu alikuwa na herufi saba za uhakika, na siku moja alisoma "baba" akacheka mwenyewe. Kisha mwalimu wa darasa la tatu akahamishiwa mjini Geita, nikaongezewa darasa lake. Nusu saa ile ikaishia hapo.

Mwisho wa mwaka binti hakufanya vizuri kwenye upimaji. Mama akaja ofisini amevaa kitenge cha kanisani. Mimi nikawa mkalimani.

"Naomba mwanangu arudie darasa. Katika yale manne hana hata moja."

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Akajibu, "Mama, tukirudisha wote wasiojua, karibu nusu ya darasa inabaki. Na wanaoingia tutawaweka wapi?"

"Sasa kwa nini mliyaandika?"

Nililitafsiri swali lile kwa upole kuliko alivyoliuliza. Mwalimu mkuu akasema ni miongozo, inatoka juu, na watoto wanafika kwa nyakati tofauti. Nikayapeleka maneno hayo kwa Kisukuma, nikijisikia mjinga. Mama akanitazama mimi, si mwalimu mkuu. Akashukuru, akatoka.

Januari binti akaingia darasa la tatu, kwenye vitabu ambavyo asingeweza kusoma hata jina lililo kwenye jalada. Ijumaa ya kwanza nilichelewa kuondoka makusudi. Mama hakuja. Wala ya pili. Mwezi wa tatu binti naye akaacha kuonekana.

Nilienda mwaloni Jumatano moja. Nikawakuta wote wawili wameinama, wanageuza dagaa juani. Njiani nilikuwa nimeshapanga maneno: amrudishe mtoto shuleni, elimu ni haki yake. Nikaamkia, akaitikia vizuri tu. Binti akaniamkia pia, macho chini. Kisha nikatafuta kitu cha kumwahidi yule mama, kitu ambacho ningeweza kukitimiza kweli, nikakikosa.

"Jua kali leo," nikasema.

"Kali sana, mwalimu."

Nikaondoka.